Pini ya Kilti Inayokaa Mahali Pake: Tathmini ya Pini Moja ya Fedha na Vizuizi Vyake

Kabla sijaitolea pini hii hukumu yangu, sina budi kueleza jinsi nilivyoinunua, kwa kuwa kasoro yake kubwa ilikuwa mbele yangu siku ile ile dukani nami, fundi cherehani wa miaka mingi, sikuiona. Duka lenyewe ni dogo, la vito, lililoko kwenye Royal Mile, ile barabara ya Edinburgh inayoteremka kutoka ngome ya juu ya mwamba hadi kasri ya Holyrood. Muuzaji aliitoa pini katika kisanduku chenye mahameli ya buluu, akailaza chali juu ya kioo, taa ikaipiga, nami nikaona upanga mdogo wa fedha wenye urefu wa sentimita 9, na mpini uliochongwa ua la mbaruti, nembo ya Uskoti. Nikalipa pauni 110 bila kuigeuza. Mimi ambaye hukagua mishono ya mafundi wenzangu kwa kugeuza nguo nje ndani, siku hiyo nilitazama uso tu, kama mnunuzi wa mara ya kwanza.

Kwa msomaji ambaye kilti ameiona pichani tu, hili ni vazi la sufu ya drafti ambalo mwanamume hujizungushia kiunoni. Nyuma lina marinda mengi yaliyolaliana, mbele ni bapa, na kilti kamili ya mtu mzima hula yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7. Sehemu ya mbele ni vipande viwili vinavyopandana, cha ndani na cha nje. Mkanda wa ngozi wa kipande cha ndani hupenyezwa kwenye tundu la kiunoni na kufungwa kwa bizimu upande wa kushoto. Mikanda ya kipande cha nje hufungwa upande wa kulia. Kutoka hapo kushuka chini, ukingo wa kulia wa kipande cha nje, ambao kwa kawaida una matamvua, huning'inia huru mpaka gotini, na pini hukaa karibu na pembe ya chini ya ukingo huo. Aliyekulia kwenye vikoi atalielewa jambo hili upesi, maana kikoi nacho hushikwa na kiuno, na upindo wa chini huachiwa upepo.

Kwa hiyo pini haishiki kilti, wala ukiitoa mvaaji havukwi na nguo. Kazi yake ni kuipa uzito ile pembe ya nje isipeperuke, na kupamba. Waskoti hupenda kusimulia kwamba Malkia Victoria, ambaye familia yake ilinunua Balmoral mwaka 1852, alimwona askari akihangaika na kilti yake kwenye upepo, akachomoa pini kwenye vazi lake mwenyewe akampa ajistiri. Naichukua kuwa ngano ya kusimuliwa mezani. Upepo wenyewe, hata hivyo, si ngano, na yeyote aliyesimama kwenye ngazi za kanisa la Glasgow mwezi wa Novemba akisubiri bibi harusi hahitaji kuhadithiwa.

Mimi hufanya kazi ya kurekebisha kilti katika duka linalozikodisha kwa ajili ya harusi. Kila Jumatatu nguo za mwishoni mwa juma hurudi, nami huzikagua moja moja. Nyingi huwa na mvinyo, nyingine krimu ya keki, lakini maradhi mawili hujirudia kuliko yote: pini imepotea, au pini ipo na kitambaa kimeraruka. Maradhi hayo mawili yana uhusiano, kwa sababu mara nyingi dawa ya la kwanza ndiyo inayozaa la pili, na nitalifikia jambo hilo. Niliinunua pini hii ya fedha kwa matumizi yangu mwenyewe baada ya kupoteza nyingine kwenye dansi, na nimeivaa kwa miezi minane, mara nyingine nikiwa mgeni harusini, mara nyingine nikiwa mtazamaji tu wa mashindano, mara nyingine bila sababu yoyote isipokuwa kuijaribu.

Sasa tuigeuze. Mgongo wa pini ya kilti una vitu vitatu: bawaba, sindano na kifungio. Bawaba hushika mwanzo wa sindano, sindano hupita kwenye kitambaa, na ncha yake huingia kwenye kifungio. Ubora wa pini yoyote uko hapo, na bei, kwa bahati mbaya, mara nyingi iko upande wa pili. Kifungio duni kuliko vyote ni ndoano wazi yenye umbo la herufi C: sindano inasukumwa chini yake na kukaa humo kwa nguvu ya mkunjo wake peke yake. Kikigongwa kidogo, sindano inateleza na kutoka. Bora zaidi ni kile ambacho ndani ya C hiyo mna kikonyo kidogo kinachozungushwa kwa ukucha mpaka kizibe mdomo. Sindano ikishaingia, haina mlango wa kutokea. Kipo pia kifungio cha bomba, ambacho kimrija huvutwa, ncha ikaingia, kisha kikarudishwa kuifunika. Hiki ni kizuri lakini ni kinene, na kwenye pini nyembamba huinyanyua ikae mbali na kitambaa. Pini yangu ya pauni 110 ilikuja na ndoano wazi. Nimewahi kuona kifungio bora kuliko hicho kwenye beji ya mhudumu wa hoteli.

Jambo moja liliiokoa, na nadhani mchongaji alilifanya kwa makusudi. Bawaba yake iko juu, kwenye mpini wa upanga, na ncha ya sindano inatazama chini. Wauzaji wachache hulitaja jambo hili, na mimi mwenyewe nililijua baada ya kuipoteza ile pini ya kwanza. Fikiria sindano iliyopita kwenye kitambaa ikiwa wima. Ili pini itoke, lazima kitambaa kiteleze kuelekea kwenye ncha na kuiacha. Kama ncha inatazama chini, basi pini ingelazimika kupanda juu ndipo ichomoke, na uzito wake hauiruhusu. Hata kifungio kikiwa wazi kabisa, pini itabaki imening'inia kwa bawaba yake, ikilegalega, lakini ipo. Kama ncha inatazama juu, kinyume chake ndicho hutokea: kifungio kikiachia, uzito wa pini unaivuta chini, nayo inajichomoa yenyewe taratibu bila mvaaji kuhisi lolote. Pini yangu ya kwanza ilikuwa na bawaba chini. Ilipokwenda sikusikia hata mlio.

Hivyo, mtu anayechagua kati ya pini mbili zenye ndoano wazi, na achukue ile ambayo ikivaliwa jinsi picha yake inavyotakiwa kukaa, ncha ya sindano huelekea ardhini. Kwa pini zenye michoro isiyo na juu wala chini, kama mafundo ya Kikelti, mvaaji anaweza kuigeuza mwenyewe apendavyo, na hakuna atakayejua.

Majaribio yangu hayakuwa ya maabara. La kwanza lilikuwa dansi ya harusi, zile ngoma za pamoja za Waskoti ambazo wageni wote huitwa uwanjani, wanaozijua na wasiozijua. Mwenye kutaka kujua kama pini yake imefungwa vizuri na acheze Strip the Willow, ambayo wachezaji husimama mistari miwili, kisha wawili wakashuka katikati wakizungushwa mkono kwa mkono na kila aliye mbele yao. Marinda yote hufunguka kama mwavuli, kipande cha mbele hupiga mapaja, na pini hupigwa na magoti ya watu wasiokuwa na habari nayo. Nilipokaa kupumzika, kifungio kilikuwa wazi. Pini ilikuwa ingali kwenye kitambaa, kwa sababu ile ya bawaba niliyoieleza, lakini ncha ilikuwa imetoka nje na kunikwaruza goti. Hapo niliipa alama mbili kati ya tano.

Jaribio la pili ni gari. Uingereza dereva hukaa upande wa kulia, na pini ya kilti iko upande wa kulia wa mvaaji, kwa hiyo kila anaposhuka goti linalotangulia nje ndilo lenye pini, na pini husugua ubao wa mlango au ukingo wa kiti. Katika pini tatu zilizowahi kurudishwa kwangu zikiwa zimepinda sindano, wenye nguo wawili walinieleza kwamba waliendesha wenyewe kwenda harusini. Ushauri wangu kwa dereva ni mfupi: avae kilti, pini aitie mfukoni mwa koti, aibandike akifika.

Jaribio la tatu lilikuwa la hali ya hewa tu. Mwezi Agosti nilikwenda Glasgow Green, uwanja unaofanyiwa mashindano ya dunia ya bendi za zumari za Kiskoti, nikasimama nje tangu asubuhi hadi jioni kwenye upepo na manyunyu. Pini haikusogea hata kidogo. Kitambaa cha kilti yangu ni kizito, cha wakia 16 kwa yadi, na uzito huo wenyewe ni mlinzi. Sufu nzito huikumbatia sindano na haitelezi. Kilti za wakia 10 au 11 ni nyepesi na nzuri kwa kiangazi, lakini pini nzito juu yake huvuta kitambaa kikafanya mdomo, na sindano huchezacheza katika tundu lake mpaka tundu likapanuka. Zile kilti za akriliki ambazo watalii huuziwa kwa bei ya chakula cha mchana nimeona zikiharibika kwa haraka zaidi, kwa maana sufu ikichomwa hujirudi, ukiipitishia mvuke wa pasi tundu linafumba, ilhali uzi wa plastiki ukishavutika umevutika.

Baada ya majaribio hayo nilianza kutafuta vizuizi vya ziada, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko nilivyotarajia.

Cha kwanza ni kile kimpira cheupe cha nyuma ya hereni. Pakiti nzima niliipata kwa pauni 2. Sindano ikishapita kwenye kitambaa, na kabla ya kuingia kwenye kifungio, unakivika kimpira hicho kwenye sindano na kukisukuma mpaka kikaribie kitambaa. Kifungio kikiachia, kimpira kinazuia kitambaa kisiteleze hadi kwenye ncha. Ni kidogo, hakionekani, na kwa bei yake sijaona mshindani. Ubaya wake ni kwamba huchoka. Baada ya kuvalishwa na kuvuliwa mara kadhaa tundu lake hupanuka, na ukitumia ambacho kimekwisha nguvu ni sawa na kutotumia kitu. Wapo wanaokata kipande cha kifutio cha penseli au cha neli laini ya hodhi la samaki wakakitumia kwa namna hiyo hiyo. Vinafanya kazi, ila kifutio huacha unga mweupe kwenye kitambaa cheusi, nami nimeusugua unga huo mara nyingi kiasi cha kuuchukia.

Cha pili ni mkufu wa usalama, mnyororo mwembamba wa sentimita 5 au 6 ambao upande mmoja umeshikizwa kwenye pini na mwingine una pini ndogo ya usalama, ambayo huchomekwa nyuma ya kitambaa pasipoonekana. Mkufu hauzuii pini kufunguka. Unazuia isiende mbali. Kwa mtu mwenye pini ya urithi, iliyovaliwa na babu yake, nadhani pauni 12 nilizolipa mimi ni halali. Kwa pini ya kawaida, mkufu una gharama kuliko kile unachokilinda.

Cha tatu sikukitafuta, kilinijia. Kijana mmoja wa Tanga aliyekuwa anaoa hapa Glasgow alikuja dukani kupimwa kilti, akiwa na mama yake aliyesafiri kwa ajili ya harusi. Kijana aliniamkia, "Shikamoo mjomba," nikamwitikia, nikaanza kumwonyesha mahali pa pini na namna ya kuifunga. Mama yake alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kaka, mbona mnajisumbua na masindano? Mimi mtandio wangu nautia sumaku hii, na upepo wa Raskazone hauutoi." Akachomoa begani zile sumaku mbili za mviringo ambazo wanawake wetu huzitumia siku hizi kushika mtandio bila kuutoboa, akaniwekea mkononi. Nilizichukua kwa heshima, na kwa udadisi pia, maana wazo la kutokitoboa kitambaa lilinivutia kama fundi. Nikazigundisha sumaku nyuma ya upanga wa bati la bei ndogo na kuujaribu kwenye kilti ya wakia 13.

Mtandio ni kitambaa chepesi, na sumaku mbili zikikibana kati yake hukamatana kwa nguvu. Sufu ya kilti ni nene, inaweka nafasi kati ya sumaku na sumaku, na pini yenyewe ni nzito mara nyingi kuliko ua la plastiki la mtandio. Ilikaa vizuri nikiwa nimesimama. Nilipotembea, ilianza kuteremka. Nilipokaa kwenye kiti cha kukunja cha chuma, ile sumaku ya nyuma iliondoka ikaenda kuukumbatia mguu wa kiti, na upanga ukaanguka sakafuni. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimrudishia sumaku zake na shukrani zangu, nikamwomba asiziweke karibu na kadi ya benki, na kwa kilti sizipendekezi.

Kijana nilimpa cha nne, ambacho ndicho ninachokiamini kuliko vyote kwa siku moja ya maana: uzi na sindano ya mkono. Pini ikishabandikwa na kufungwa, napitisha uzi wa poliesta wenye rangi ya mstari ule wa drafti ulio chini yake, nauzungusha mara nne kwenye ule upanga, katikati, na mara mbili karibu na kifungio, kisha naufunga fundo kwa nyuma. Haionekani kwa mtu aliyesimama mbele yako. Kesho yake unakata kwa kimkasi, unavuta, na sufu haina kumbukumbu yoyote. Kazi hiyo hainichukui dakika 5, na sijawahi kurudishiwa kilti niliyoishonea pini ikiwa haina pini. Udhaifu wake uko wazi: mvaaji hawezi kuitoa akiingia garini, na asiyejua kushona anaweza kushona kipande cha nje pamoja na cha ndani.

Hilo la vipande viwili ndilo nililoahidi kulifikia. Muuzaji wa pini yangu, kwa nia njema kabisa, aliniambia kwamba ili isianguke niipitishe kwenye vipande vyote viwili vya kilti, maana "inashika zaidi". Ni kweli inashika zaidi, na ndiyo maana ni ushauri mbaya. Vipande viwili vya mbele havikuumbwa viende pamoja. Mtu akikaa, akipiga goti au akipanda ngazi, cha nje huteleza juu ya cha ndani, na ndicho kinachompa mguu nafasi. Ukivipigilia pamoja kwa sindano ya chuma, nguvu yote ya goti inaishia kwenye vitundu viwili visivyozidi unene wa uzi. Mara ya kwanza vitundu vinanyooka vikawa mfereji, mara ya pili uzi unakatika, mara ya tatu mvaaji anainama kufunga kiatu na kipande cha sentimita 4 kinachanika kuelekea kwenye pindo. Zaidi ya hapo, kilti iliyobanwa hivyo hujikunja mbele na kumfanya mvaaji atembee kama amefungwa miguu. Wale ambao pini imewahi kuwapotea ndio huwa wepesi kuibana kwenye vipande viwili, na hivyo wanaiokoa pini ya pauni 10 kwa kuharibu nguo ya mamia ya pauni.

Kuziba mpasuko huo ni kazi ninayoifahamu kwa uchungu. Tartani, yaani hiyo sufu ya drafti ya kilti, haina mahali pa kuficha kiraka, kwa kuwa kila mstari lazima uendelee ulikokuwa unakwenda. Huwa nachomoa nyuzi kutoka kwenye akiba ya kitambaa iliyokunjwa ndani ya marinda ya nyuma, kisha nazifuma upya moja moja kwenye mpasuko, juu na chini, nikifuata mtindo wa ufumaji wa mshazari. Sentimita 4 zinaweza kunichukua asubuhi nzima.

Mahali sahihi pa pini, kwa hiyo, ni kwenye kipande cha nje peke yake, kama sentimita 10 kutoka ukingo wa chini na sentimita 5 kutoka kwenye matamvua, ingawa watu hutofautiana kidogo na hakuna wa kuwashtaki. Sindano isisukumwe kwa nguvu. Ichezeshwe mpaka ipate njia kati ya nyuzi. Kwa kilti nyepesi, nashona kwa nyuma kijiraka cha sufu chenye ukubwa wa stempu mbili, ili sindano ipite kwenye unene maradufu wa kipande hicho kimoja. Mvaaji anapata ule uimara aliokuwa akiutafuta kwa kubana vipande viwili, na goti lake linabaki huru. Pini itolewe kabla nguo haijatundikwa, na kwa vyovyote vile kabla haijapelekwa kwa dobi.

Nirudi kwenye pini yenyewe, maana bado sijasema lolote kuhusu fedha yake. Mgongoni ina chapa, ikiwemo nambari 925 na alama ya ngome ya minara mitatu, ambayo ni alama ya ofisi ya Edinburgh inayopima madini ya thamani. Nchini Uingereza kitu chenye uzito wa zaidi ya gramu 7.78 hakiruhusiwi kuuzwa kama fedha bila kupigwa chapa, hivyo mnunuzi wa pini ya ukubwa huu ana haki ya kuziona alama hizo kabla hajatoa pesa. Zangu zilikuwepo, na uchongaji wa mbaruti ni wa mkono wenye subira. Miba yake unaihisi kwa kidole. Tatizo ni kwamba sindano nayo ni ya fedha. Fedha ni laini. Baada ya ile dansi sindano ilikuwa imepinda kama upinde mdogo, nikainyoosha kwa koleo yenye midomo ya plastiki, na ikapinda tena mwezi uliofuata. Sindano ya chuma kigumu ingefaa zaidi, hata kama isingeng'aa vilevile.

Nilipokuwa nikiitafakari kasoro hiyo, nilinunua, kwa kulinganisha, pini ya aina ya zamani isiyo na urembo wowote: pini kubwa ya usalama ya chuma iliyopakwa kromu, kama ile ya nepi za watoto lakini ndefu zaidi, kwa pauni 8. Mmarekani Walter Hunt alipata hataza ya pini ya namna hiyo mwaka 1849 na kuiuza kwa dola 400, na kile alichokigundua ndicho kinachokosekana kwenye upanga wangu: waya wenyewe umezungushwa mwishoni ukawa springi, na springi hiyo huisukuma ncha muda wote ikae ndani ya kofia yake. Haitegemei bahati. Niliivaa kwenye dansi mbili, nikaendesha nayo gari kwa makusudi, nikakaa nayo kwenye kile kiti cha chuma. Haikufunguka hata mara moja. Mtu akiniuliza pini ipi kati ya hizi mbili inashika, jibu ni hiyo ya pauni 8, na jibu hilo halinifurahishi.

Niliirudisha ya fedha dukani nikiwa na risiti. Waliipokea kwa adabu, wakaniambia kwamba ndoano wazi ndiyo "ya jadi" na kwamba hawabadilishi. Sikubishana nao juu ya jadi. Niliipeleka kwa sonara mmoja wa Glasgow ninayempelekea bizimu zilizovunjika, naye kwa pauni 28 aliyeyusha lehemu ya ndoano ya zamani, akaweka kifungio chenye kikonyo cha kuzungusha, na akaibadilisha sindano kwa nyingine ngumu. Alinionyesha pia kwamba bawaba ilikuwa na mchezo kidogo wa kushoto na kulia, akaibana kwa pigo moja la nyundo. Kwa hiyo gharama halisi ya pini hii ni pauni 138, na bei hiyo ndiyo ninayomtajia anayeniuliza.

Ilivyotoka dukani, naipa alama mbili kati ya tano: moja ya uchongaji, moja ya kuelekeza ncha chini. Ilivyo sasa, baada ya sonara, naipa nne. Ya tano imezuiwa na uzito wake, ambao kwa kilti ya wakia 16 ni sawa lakini kwa nyepesi ni mwingi mno, na sitamshauri mwenye kilti ya kiangazi ainunue hata ikiwa imerekebishwa. Mwenye bajeti ndogo achukue ya pauni 8 na pakiti ya vimpira vya hereni. Mwenye kukodi kwa siku moja amwombe fundi wa duka amshonee, na kama duka halina fundi, aje na uzi wake.

Jumamosi iliyopita niliivaa tena, kwenye harusi ya yule kijana wa Tanga. Strip the Willow ilichezwa mara mbili kwa sababu mama yake aliipenda, akashuka mstari mzima akizungushwa na Waskoti waliomzidi kimo kwa nusu mita, mtandio wake haukusogea. Yangu nayo ilikuwepo nilipokaa, kikonyo kimefungwa, sindano imenyooka. Kimpira cha hereni kilikuwa kimepasuka. Nimekwisha kuvika kingine.